Kungoja Kadi

Jumatatu ya tano mfululizo, Uzi aliingia kazini na kitambaa kichwani, akasema tena kwamba kichwa kinamuuma na nywele atasukwa wiki ijayo. Hakuna aliyemjibu. Saluni ile ilijaa watu wa kujibu hata wasichoulizwa, kwa hiyo kimya chao kilimtia baridi.

Jumatatu asubuhi ilikuwa yao wenyewe. Wateja hutaka kupendeza mwisho wa juma. Jumatatu wanarudi kwenye shughuli zao na nywele zilezile, na viti vinabaki vitupu. Basi Madam, mwenye saluni, aliwaruhusu watu wake watengenezane wao kwa wao mpaka saa nne. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kudumu. Kichwa cha Uzi kilikuwa cha Pasi, na kichwa cha Pasi kilikuwa cha Uzi, tangu enzi walipokuwa wasichana wa kufagia nywele sakafuni kwa ujira wa chai. Kumpelekea mtu mwingine kichwa chako lilikuwa jambo zito. Kuna ndoa zimevunjika kwa kosa dogo kuliko hilo, na watu wakaona ni haki.

Uzi hakuzaliwa na jina hilo. Wateja walimbandika kwa sababu ya misuko yake myembamba, ambayo mtu alihitaji miwani kuihesabu. Pasi naye alipata lake kwa sababu mbili: alikuwa bingwa wa kunyoosha nywele, na mdomo wake ukipita juu ya jambo, jambo hilo litanyooka, hata kama litaungua kidogo.

Chini ya kitambaa, nyuma ya sikio la kushoto kuteremkia shingoni, palikuwa na uvimbe. Ulianza kama punje ya njegere. Sasa kidole gumba hakikuweza kuufunika. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Uzi aliupapasa akitumaini kwamba umeondoka wenyewe usiku, na kila asubuhi aliukuta umekaa palepale, mgumu, hauna joto, hauumi. Hilo la kutouma ndilo lililomtia kiwewe. Wa mama yake pia haukuuma. Mama yake alijifunga shali shingoni msimu mzima wa joto, watu wakamtania, na mvua zilipoanza hakuwapo wa kutaniwa.

Basi Uzi alikuwa anaogopa. Niseme wazi, maana yeye mwenyewe hakulisema: alikuwa anaogopa mpaka chakula kikimpita kooni anakisikia kinavyopita. Na woga wake ulikuwa umepata mahali pazuri pa kujificha, kwa sababu miezi ileile sheria mpya ya bima ilikuwa imetangazwa redioni.

Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Kila mtu lazima awe na bima ya afya, atake asitake. Mwenye watu wanaomfanyia kazi awachangie nusu. Asiye na mwajiri ajilipie mwenyewe. Watu wanaojiunga pamoja kuanzia saba wapunguziwe bei. Na kadi ianze kufanya kazi miezi mitatu baada ya malipo ya kwanza. Pale saluni walikuwa saba kamili: Madam, Uzi, Pasi, dada wa kucha ambaye alijua pia kusuka, Kinyozi aliyekuwa na kona yake upande wa wanaume, Mama Sinki aliyeosha vichwa, na mlinzi wa mlangoni. Akijitoa mmoja, punguzo hakuna.

Wiki zote hizo walikuwa wanabishana. Uzi alihesabu kila ubishi kama mtu anayeona maji yakimwagika. Wakilipa leo, miezi mitatu. Wakilipa wiki ijayo, miezi mitatu na wiki. Alijiambia kwamba siku atakayoshika kadi mkononi, siku hiyohiyo ataingia hospitali. Kabla ya hapo, hapana. Kinyozi alikuwa amesema kwamba wakijua una ugonjwa kabla hujajiunga, wanakutoa, na Uzi akalimeza neno hilo bila kulitafuna. Asiyepimwa si mgonjwa, ndivyo alivyojiambia, na akawa anaishi juu ya maneno hayo.

Jumatatu ile ya tano Madam alizima redio, akasimama katikati ya viti.

"Jamani, hili la bima liishe leo. Mimi nimeshafikiria sana. Nyie mmekodi viti kwangu. Kila mtu na kiti chake, kila mtu na wateja wake. Mimi ni mwenye nyumba tu. Mwenye nyumba gani duniani anamlipia mpangaji bima?"

Pasi alikuwa anapangusa mashine ya kukaushia nywele. Akaiweka chini taratibu, na wote wakajua kinachokuja.

"Madam, samahani. Juzi nilichelewa nusu saa. Ulinifanya nini?"

"Nilikukata. Ulichelewa."

"Mpangaji akichelewa kurudi nyumbani kwake, anakatwa?"

Kinyozi akapiga chanuo mezani kwa furaha. Mama Sinki akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki.

"Na hii aproni," Pasi aliendelea, akijivuta kifua cha nguo, "umeninunulia wewe, umeandika jina la saluni yako. Nikitaka kufunga wiki moja nikamuuguze mamangu, lazima nikuombe ruhusa. Siku ya kukatwa mimi mfanyakazi, siku ya kulipiwa mimi mpangaji! Chagua moja, Madam. Ukichagua mfanyakazi, lipa nusu yako. Ukichagua mpangaji, kesho nakuja saa nitakayo, na kandambili."

Madam hakuchagua. Alitazama dari. Uzi alijua vilevile kwamba Pasi ana haki, tena haki ya mchana kweupe. Siku nyingine yoyote angekuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini aliona jinsi Madam alivyokaza taya, akajua kwamba mwanamke huyu hatakubali leo wala mwezi ujao, na kwamba Pasi naye hatalegea, na kwamba kati ya ukaidi wa hawa wawili shingo yake itaendelea kuvimba.

"Tulipe wenyewe," akasema.

Pasi akageuka. "Unasemaje?"

"Tulipe wenyewe, jamani. Yote. Nusu yetu na nusu ya Madam. Tuanze tu. Tukikaa kubishana mwaka utaisha."

"Nusu ya Madam tulipe sisi?"

"Ndiyo."

"Huyo ndiye mtu mzima," Madam akasema, akamtabasamia Uzi mbele ya watu wote. Afadhali angemtukana. Tabasamu lile lilimmaliza.

Kinyozi akatikisa kichwa. "Mimi nawaambia. Ukiona mtu anakimbilia bima mbiombio hivi, ujue ana mgonjwa mahali. Sasa mimi mzima kama jiwe, nilipe kila mwezi ili mwingine atibiwe? Kwa kipi?"

Watu wakacheka. Pasi naye akacheka, kidogo tu, kwa pua, lakini akacheka. Uzi alihisi kitambaa kimelegea nyuma, akapeleka mkono haraka kukivuta chini. Hapo ndipo alipokata shauri kwamba hatasema kamwe. Angesema nini? Kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye yeye? Kwamba anataka kina Mama Sinki wajinyime kwa ajili ya shingo yake? Na wateja je? Nani atampa kichwa msusi mwenye shingo iliyovimba? Mjini watu hukimbia hata chafya.

Mkutano ukavunjika bila kuamua. Kilichofuata kilikuwa cha kawaida kwa mahali palipojaa vioo: kila mtu alimwona mwenzake bila kumtazama. Dada wa kucha alikuwa wa kwanza kunong'ona. Kile kiti cha dirishani, kilichokuwa kitupu tangu mwenyewe aolewe, Uzi ameahidiwa. Ndiyo maana anamtetea Madam. Na nywele je? Nywele anasukwa kwingine. Kuna saluni mpya imefunguliwa ng'ambo ya barabara, ina viti vya ngozi na chai ya bure, na Uzi ameshapeleka kichwa huko. Anafunga kitambaa asionekane amesukwa na mkono mgeni. Atachukua kadi ya bima kwa mgongo wao, kisha aondoke. Mambo yote yalikuwa yanaingiana vizuri, kama uongo unavyojua kuingiana.

Jioni Pasi alimvizia mlangoni.

"Shoga, nani anakusuka?"

"Hakuna."

"Toa kitambaa nione."

"Pasi, kichwa kinaniuma."

"Wiki tano?" Pasi alimtazama macho makavu. "Miaka yote hii, hukuwahi kunificha hata mba. Sawa. Lakini nikwambie kitu kimoja. Jumatatu ijayo usipokaa kwenye kiti changu, kichwa changu nampa dada wa kucha, na mimi na wewe basi."

Uzi alirudi nyumbani. Aliishi na mama yake mdogo, mshonaji wa mashuka, aliyemlea tangu msiba ule. Mama mdogo alikuwa mezani anapinda pindo, redio ikiendelea na bima yake: mheshimiwa mmoja anasema serikali ilipe, mwingine anasema wananchi walipe, mtangazaji anasema muda umekwisha.

"Wanabishana nini watu hawa?" mama mdogo alisema, sindano mdomoni. "Ugonjwa hausubiri wapige kura. Mbona hili joto lote na kitambaa, mwanangu?"

"Vumbi, mama."

"Vumbi la ndani?"

Uzi akajifanya anatafuta kibiriti. Mama mdogo ndiye aliyemwosha mama yake siku zile za mwisho. Angeuona mara moja. Asingehitaji hata kuugusa. Uzi alikula amesimama, upande wa kulia ukitazama taa, akaenda kulala na kitambaa chake. Gizani aliupapasa tena. Alijisikia kama mwizi katika mwili wake mwenyewe.

Wiki ile ilimpita vibaya. Alimsuka bibi harusi mistari ikaenda upande. Alimwaga dawa ya nywele. Mteja mmoja wa siku nyingi alimwuliza kama anaumwa, swali la adabu tu, naye akajibu "hapana!" kwa sauti iliyomfanya yule mama ashike mkoba wake. Usingizi alipoupata alimwona mama yake na shali, amekaa kwenye benchi mahali fulani, anamsogezea nafasi.

Jumatatu ikafika, kama zinavyofika.

Alikuwa amejipanga. Angekaa kwa Pasi, lakini angeomba mistari ya mbele tu, nyuma aache. Aliweza kumpoteza Madam na saluni yenyewe, lakini kumpoteza Pasi hakukuweza kumwingia akilini. Akakaa. Mwenyewe akafungua kitambaa, akayavuta manywele yake yaliyojaa yakafunika shingo, akaegemea kiti kwa nguvu ili pasipite mkono.

"Nisuke mbele tu leo. Nyuma fanya fundo."

Pasi alikuwa amesimama na chanuo mkononi anakitazama kichwa kile. Hakikuwa kimesukwa na mtu. Kilikuwa kichwa cha mtu aliyesahaulika, nywele zimeshikana, ncha zimekatika. Uzi alimwona kwenye kioo jinsi uso ulivyobadilika: hasira ikaanza kumtoka, na kitu kingine kikawa kinatafuta pa kukaa.

"Wewe," akasema polepole. "Hukwenda popote."

"Nilikwambia."

Akaanza kugawa. Mkia wa chanuo ukapita utosini, mstari mmoja, ukanyooka. Vidole vya Pasi vilikuwa vyepesi, vyenye mafuta ya vuguvugu, na kwa muda kidogo Uzi alitamani kulia kwa raha ya kuguswa kichwa. Kisha mstari ukafika sikioni. Pasi hakuwahi kusuka nusu kichwa maishani mwake, na mkono wake haukujua kusimama njiani. Vidole vikazunguka nyuma ya sikio kukusanya nywele za shingoni. Uzi akainua bega kuvizuia. Akachelewa.

Vidole vikasimama.

Kwenye kioo macho yao yakakutana. Upande wa pili Kinyozi alikuwa anasimulia mechi, mashine yake inanguruma, mlinzi anacheka. Vidole vya Pasi vikasogea tena, taratibu, vikauzunguka uvimbe wote, vikapima juu na chini, vikakuta na mwingine mdogo chini yake ambao Uzi mwenyewe hakuwa ameujua. Kisha Pasi akarudi kwenye msuko aliouanza. Akausuka mpaka mwisho, akaufunga, akainama kama anayetafuta kibanio.

"Tangu lini?"

"Mwaka ulipoanza."

"Miezi mitano?" Pumzi ilimtoka sikioni mwa Uzi. "Umempelekea nani?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Kadi," Uzi akanong'ona. "Kinyozi alisema ukijulikana mgonjwa kabla..."

"Kinyozi! Kinyozi anajua bima kama mimi ninavyojua kurusha ndege!" Kisha Uzi akaona kwenye kioo jambo lenyewe likimfikia. Lilimfikia usoni kwanza, halafu mabega yakashuka. "Ulikuwa unatungoja sisi tuamue."

Pasi akaokota kibanio.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nazuia. Kila Jumatatu. Nasimama hapo nachekesha watu, na wewe umekaa na hiki."

Hapo Uzi angeweza kusema neno. Lilikuwapo mdomoni. Lakini kulikuwa na wepesi fulani, wepesi wa aibu, katika kumwachia mwenzake mzigo ule, naye akainamisha macho na kumwachia.

Saa nne Madam alitoka ofisini na funguo zake. Kabla hajazima redio, Pasi alikuwa ameshasimama.

"Madam, tumekubali. Tulipe wenyewe. Mimi jina langu la kwanza."

Mashine ya Kinyozi ikazima. "Wewe, Pasi? Hata wewe? Wamekupa nini?"

"Sijapewa kitu. Nimechoka kubishana."

"Mdomo huo umechoka? Mwaka huu tutaona mengi!"

"Kaka, unajiunga au hujiungi? Mtu mzima kama jiwe naye siku moja ataangukiwa na jiwe. Jiunge." Hakukuwa na utani katika sauti yake, na Kinyozi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimtazama vizuri usoni, akamtazama Uzi, akakuna kidevu na kuitikia kwa kichwa. Dada wa kucha akafuata. Mlinzi akasema yeye alikuwa tayari tangu zamani, hakuna aliyemwuliza tu.

Madam alikuwa anang'aa. Alishinda, tena bila jibu, na ushindi wa namna hiyo ndio mtamu. Mama Sinki peke yake alibaki ameshika taulo.

"Mimi kuosha vichwa mnajua napata nini," akasema. "Nusu yangu nilishaipigia hesabu. Nusu ya Madam nitaitoa wapi?"

Hakuna aliyemtazama Madam, na Madam hakumtazama mtu. Uzi alitaka sakafu ifunguke. Huyu mama ndiye aliyemfundisha kupima joto la maji kwa kiwiko.

"Ya kwako nitaongezea mimi, mama," Pasi akasema. "Usiwe na wasiwasi." Kisha akamgeukia Uzi, akashusha sauti. "Vua aproni. Tunakwenda."

"Wapi? Kadi bado miezi mitatu."

"Kadi itatukuta hukohuko."

"Nina mteja saa sita."

"Atasukwa na dada wa kucha. Inuka, Uzi, nisije nikakubeba mbele ya watu."

Hospitali haikuwa mbali, na hilo nalo lilimwuma Uzi, kwamba miezi yote ile alikuwa anaipita asubuhi na jioni akitazama upande wa pili wa barabara. Njiani alisema amesahau simu. Akasema tumbo linamsokota. Akasema warudi, waje kesho na mama mdogo, mambo haya yanataka mtu mzima. Pasi alimshika mkono wa juu, pale penye nyama, hakuuachia.

Ndani palinukia dawa ya kupigia deki. Watu walikaa kwenye mabenchi na magonjwa yao mapajani, wamenyamaza. Karani wa dirishani aliuliza bila kuinua uso.

"Bima au taslimu?"

"Taslimu," Pasi akasema, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni ambayo yeye mwenyewe alisahau kuivua, akatoa noti zilizonukia mafuta ya nywele.

Uzi alipoona jinsi zilivyokuwa chache akageuza uso. Alilijua hilo siku zote. Bei ya kumwona daktari ilikuwa ya kusuka kichwa kimoja, tena cha misuko minene. Nyumbani, kwenye kopo la majani ya chai, alikuwa nazo za kumwona mara kumi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imekauka kwa kunawa. Alimkalisha Uzi kwenye kitanda kirefu, akaisogeza ile misuko ya nusu kichwa bila kuuliza, akabonyeza shingo huku na huku, akashuka makwapani, akarudi shingoni. Uzi alikuwa anautazama uso wake tu, anausoma kama mtu anayesubiri hukumu.

"Una muda gani huu?"

"Wiki mbili," Uzi akasema.

"Miezi mitano, daktari," Pasi akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama pale na aproni yake, mgongo ukutani.

Daktari akaacha kubonyeza. "Miezi mitano. Mbona hukuja mapema?"

Jibu lilikuwapo, tena limeiva. Alilipika wiki nyingi. Angesema sheria, kadi, miezi mitatu, mwajiri anayekataa nusu yake, wenzake wasiokubaliana. Daktari angetikisa kichwa na kuilaumu nchi nzima, na Uzi angekuwa mtu aliyeonewa tu. Akafungua mdomo. Na hapo akamwona Pasi.

Pasi alikuwa ameinamia sakafu. Mwanamke ambaye hakuwahi kuinamia mtu alikuwa amejishika viwiko, anangoja kusikia likitamkwa mbele ya daktari kwamba ni yeye. Alikuwa na haki yake mkononi na ameiacha asubuhi ile bila kumwambia mtu kwa nini, na sasa anangoja kubebeshwa na hili. Angelibeba mpaka kaburini, la Uzi au lake, lolote litakalotangulia.

"Si bima," Uzi akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Wala si mtu, daktari. Hela ya kukuona nilikuwa nayo. Niliogopa."

Pasi akainua uso.

"Mama yangu alikufa na shingo kama hii. Niliogopa utaniambia. Bima nilijificha nyuma yake tu. Hata wangelipa siku ya kwanza, ningetafuta kingine cha kungojea." Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni. "Pasi, unasikia? Si wewe."

Daktari akavuta meza ya magurudumu, akaanza kuvaa glovu.

"Nisikilize. Uvimbe wa shingo una sababu nyingi. Kuna wa kupona kwa vidonge, mtu akavimeza miezi kadhaa akaendelea na maisha. Na kuna mwingine, huo una safari ndefu. Kwa vidole siwezi kujua, na atakayekwambia anajua anakudanganya. Nitachukua kidogo kwa sindano, tupeleke maabara."

"Lini?"

"Sasa hivi. Lala, geuzia uso ukutani. Usijitikise hata kidogo."

Uzi akalala. Kusema hakukumpunguzia woga. Ulikuwa palepale, tena sasa hauna pa kujificha, umemkalia kifuani. Alisikia karatasi ya sindano ikichanwa. Meno yakaanza kugongana, shingo ikatetemeka, akajaribu kuituliza ikakataa.

"Ukitetemeka hivyo siwezi," daktari akasema.

Pasi akaondoka ukutani. Akavuta kiti mpaka kitandani, akakishika kichwa cha Uzi kwa mikono yote miwili kama anavyomshika mteja asiyetulia, akakikaza. Daktari akaja na sindano, naye hakukiachia.